Jimbo Jipya Ng'ambo ya Mfereji

Kila alasiri, akitoka shule, Redio alitupa mkoba nyuma ya mlango wa saluni ya mama yake, akaanza kufagia nywele sakafuni huku masikio yakiwa wazi. Jina hilo alipewa na wateja. Habari ikiingia kwake haikulala. Ilikuwa lazima itoke, tena kwa sauti ya juu.

Siku hiyo mama alikuwa akimsuka karani wa manispaa.

"Tume imependekeza jimbo letu la uchaguzi ligawanywe," karani alisema, akikunja uso kila kichana kilipopita. "Tumezidi, mbunge mmoja hatutoshi. Mpaka utapita kwenye mfereji. Wa ng'ambo watapata jimbo lao jipya."

"Na zahanati je?" mama aliuliza.

"Itabaki huku huku. Kwani jengo lina miguu?"

Wanawake wakaangua kicheko. Redio hakungoja kiishe. Aliacha ufagio, akakimbia hadi kwenye daraja la mbao, akamkuta rafiki yake Kidoti, aliyeishi ng'ambo na bibi yake.

"Mmekwisha!" alisema akihema. "Mnapelekwa jimbo jingine. Zahanati inabaki kwetu, na nyinyi hamtatibiwa tena hapa!"

Hilo la kutotibiwa alilibuni papo hapo. Aliona bila hilo habari imepoa mno.

Kesho yake uvumi ulikuwa umeenea kila mahali. Bombani watu walisukumana na ndoo zao. "Nenda kachote jimboni kwako!" Seremala wa ng'ambo aliapa kwamba wakifungiwa zahanati, naye atang'oa daraja.  Darasani Redio hakutulia, mlango ukigongwa tu, alishtuka. Na Kidoti hakuja shule.

Masomo yalipokwisha, alivuka kwenda kwa akina Kidoti. Bibi alikuwa amelala, kitambaa chenye maji kimefunika paji la uso.

"Dawa zake za presha zimekwisha," Kidoti alinong'ona. "Hataki kwenda kuchukua nyingine."

"Niende nikafukuzwe mlangoni, na uzee wote huu?" Bibi alisema kwa shida. "Kichwa kinaniuma sana, lakini aibu hiyo siitaki."

Redio akakosa pa kutazama. Angeweza kunyamaza. Maneno yalikuwa yamepita midomo mingi, nani angejua yalianzia wapi? Lakini Bibi alipojaribu kuketi, aliyumba, akashika ukuta. Redio akatoka mbio.

"Mama, nimesema uongo!" alilia mlangoni pa saluni. "Bibi yake Kidoti anaumwa kwa sababu yangu!"

Alieleza yote. Mama alimwacha mteja nusu ya kichwa ikiwa bado haijasukwa, wakaenda kumwita muuguzi.

Muuguzi alimpima Bibi, akaguna. "Presha imepanda vibaya. Mmeniita kwa wakati." Akampa dawa, akaagiza apelekwe zahanati apumzike chini ya uangalizi.

"Na huo mpaka, mwanangu?" Bibi aliuliza.

"Mimi napima presha, Bibi. Majimbo sipimi."

Jumamosi maofisa wa tume walikutana na wananchi katika uwanja wa shule. Watu walikuja wamenuna, kila mmoja akitaka kusema kwanza. Mama alimshika Redio bega. "Haya, simama. Yaseme mwenyewe."

Redio alisimama. "Mimi ndiye niliyesema wa ng'ambo hawatatibiwa. Nilibuni. Naomba tuambiwe ukweli."

"Kumbe ni wewe!" seremala alifoka.

Ofisa alimtuliza. "Jimbo ni eneo la kumchagua mbunge," alisema. "Mkigawanywa, kila upande utakuwa na mtu wake wa kuusemea bungeni. Zahanati, shule na bomba ni vya wote kama zamani. Na haya bado ni mapendekezo. Tumekuja kusikia maoni yenu."

Seremala aliketi. Baadaye akanyoosha mkono, akauliza kwa nini mpaka usifuate barabara badala ya mfereji. Mkutano ukaanza kweli.

Jioni Redio alikwenda kumwomba Bibi msamaha. Bibi, aliyekuwa amekwisha kurudi nyumbani, alimketisha kando yake.

"Ulichokisikia kilikuwa kweli, mjukuu wangu," alisema. "Ulichokiongeza ndicho kilichonilaza kitandani. Siku nyingine, usilolijua uliulize kabla hujalisema. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

"Haya, niambie. Huyo mbunge wetu mpya atakuwa nani?"

Redio alifungua mdomo, akaufumba, kisha akatabasamu.

"Sijui, Bibi."