Mgeni Aliyekaa Miguuni pa Kahigi

Kahigi alianza kukunja miguu. Ndivyo balaa lilivyoingia, kimya kimya, na kama mke wake, Kokuberwa, asingekuwa macho usiku na mchana, lisingeonwa na mtu. Mwanamume mrefu vile, aliyezoea kulala kajinyoosha mpaka visigino vinaning'inia nje ya kitanda, sasa alijikunyata upande wa mto na kuiacha wazi sehemu ya chini ya godoro. Kokuberwa alimnyoosha. Akakunja tena, taratibu na kwa adabu, kama mtu anayesogea kwenye benchi la kanisa kumpisha aliyechelewa.

"Unampisha nani, Baba Joanitha?"

"Si huyu," akajibu, akashangaa kwamba anaulizwa.

Kokuberwa hakuuliza zaidi. Alikuwa amechoka. Waliowahi kuuguza wanaujua uchovu huo, ule unaomfanya mtu atie chumvi kwenye chai na kuinywa hivyo hivyo, kwa sababu kumwaga na kuchemsha nyingine ni kazi.

Walikuwa wamerudi kijijini kwao Mabira kutoka hospitali kubwa ya mbali, huko pwani, ambako Kahigi alipasuliwa kifua akawekewa kilango cha chuma kwenye moyo. Upasuaji ulikwenda vizuri. Ila alipozinduka hakuwa yeye: aling'oa mipira ya dripu, akawaita manesi kwa majina ya ng'ombe wake, akaapa kwamba dari inatambaa. Daktari alimtuliza Kokuberwa. Alisema hali hiyo huwapata wengi waliopasuliwa moyo, hasa wazee; akili huchanganyikiwa kwa muda, kisha hurudi. Na kweli ilirudi. Kwenye basi Kahigi alikuwa akiwataja kwa majina wenye mashamba ya kando ya barabara. Mambo yaligeuka nyumbani, walipodhani wameshavuka.

Muuguzi Projest, mzaliwa wa pale pale, alikuja na pikipiki yake kumsafisha kidonda. Alimpima joto, akasikiliza mapafu, akauliza habari za mkojo.

"Sioni homa, mama," alisema. "Ni kule kuchanganyikiwa. Kunaweza kurudi, hasa mgonjwa asipolala vizuri. Acha dirisha wazi aone mchana. Mvalishe miwani yake. Mwambie leo ni siku gani na yuko wapi. Akisema anaona mtu, usibishane naye."

"Nimkubalie?"

"Hapana, usimkubalie pia. Na akikataa kula au kumeza dawa, tumkimbize hospitali. Ile dawa ya kuzuia damu kuganda asiikose. Akiikosa, kile kilango kitaziba, na hatutakuwa na la kufanya."

Projest alifunga mkoba akatoka kwa kukizunguka kigoda kilichokuwa miguuni pa kitanda, ingawa kilikuwa kitupu na njia fupi ya mlangoni ilipita mbele yake. Kokuberwa aliona. Projest naye akaona kwamba ameonwa, akaenda kuwasha pikipiki bila kunywa maji aliyowekewa.

Kile kilango cha chuma kilikuwa na sauti. Nyumba ikitulia ungeisikia kifuani kwa Kahigi, ti, ti, ti, na Kokuberwa alikuwa ameizoea, hata kuipenda, maana ilimradi inalia mumewe yu hai. Alasiri moja, mvua ilipokatika, alikuwa mlangoni anachambua maharage, akaisikia inatoka mahali pawili, kitandani na kwenye kigoda kitupu, ile ya pili ikichelewa kidogo kama mtu anayejifunza wimbo kwa kumfuata mwimbaji, na nyuma yake ikaja harufu ya machinjioni asubuhi kabla hawajamwaga maji, harufu ya damu ambayo bado ina joto, ikamjaa puani, akabaki ameinamia ungo asithubutu kuinua macho, hadi Kahigi alipocheka kidogo na kumwambia huyo asiyeonekana, "Ni mama wa nyumba. Usimwogope."

Tangu siku hiyo Kahigi aligoma kula.

Joanitha, binti yao, alikuja kutoka Kaisho alikoolewa. Alimkuta mama yake amekonda kuliko mgonjwa. Akachukua bakuli la uji, akaketi karibu na baba yake.

"Kunywa kidogo, tata."

"Nitakunywaje na mgeni ananitazama? Hajapewa hata kahawa."

Kwa watu wale mgeni haanzi kupewa maneno. Hupewa kwanza kahawa ya kutafuna, buni chache zilizochemshwa na kukaushwa, ndani ya kikapu kidogo chenye kifuniko. Kahigi hakuwahi kumwacha mtu aondoke kwake kinywa kitupu, hata yule jirani aliyemhamishia mpaka wa kibanja, shamba lake la migomba.

"Ni mgeni gani, tata?"

"Ndugu yangu. Siku ya kupasuliwa walinitia damu yake. Mwenyewe alikuwa ameshakufa, maskini. Ametembea kutoka pwani mpaka hapa. Lugha yetu haijui, tunasemezana kwa Kiswahili chake." Kahigi alishusha sauti, kama mtu anayeona aibu. "Wazee wetu walikula omukago kwa buni iliyopakwa damu. Huyu anameza ya yule, yule anameza ya huyu, na kuanzia hapo nyumba ya mmoja ni ya wote wawili. Mimi yake ninayo mwilini. Yeye yangu hajaionja."

Joanitha alimvuta mama yake mpaka jikoni.

"Mama, hilo ni jini," alinong'ona. "Lisipewe kitu hapa. Hata maji."

"Projest anasema ni akili imechanganyikiwa."

"Basi na iwe akili. Usilipatie kitu."

Wazee wa usharika waliitwa. Waliimba, wakaomba, wakamwekea Kahigi mikono kichwani. Kahigi aliitikia amina vizuri kabisa, halafu akamwomba mwinjilisti Cassian, kwa upole, aondoe Biblia yake juu ya kigoda ili mgeni apate kukaa. Mwinjilisti aliichukua. Alipoishika aliitazama, akaipapasa jalada, akaihamishia mkono wa pili kama chungu kilichotoka motoni. Aliaga mapema.

Joanitha akaondoka kwenda kutafuta gari la kumpeleka baba yake hospitali. Mvua ikarudi, barabara ikawa utelezi, na alasiri ikapita bila muungurumo wa gari. Kokuberwa alikaa na kidonge kiganjani. Alikuwa amebembeleza, amekaripia, amelia. Midomo ya Kahigi ilikuwa imepasuka kwa kiu, na ile sauti ya kifuani ilianza kukwama, ikapiga, ikanyamaza, ikapiga, wakati ile ya kwenye kigoda ilikwenda sawasawa bila kukosea.

"Meza, nakuomba. Kwa ajili yangu."

"Aanze mgeni."

"Hakuna mgeni." Alisema hivyo kwa mazoea tu, maana hata yeye hakuamini tena.

"Lete kikapu, Kokuberwa."

Akaleta. Ningependa kusema alipigana na nafsi yake, lakini hakupigana. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na mtu wa namna hiyo hachagui ukuti wa kushika. Kahigi alifungua kikapu, akachagua buni moja, akaipitisha pembeni mwa kidonda alipokuwa amejikuna, ikatoka nyekundu. Akaiweka kwenye kiganja cha mke wake.

"Mpe. Mimi mkono haufiki."

Kokuberwa aliijua. Hakuna mwanamke wa umri wake katika nchi ile asiyejua buni yenye damu inamaanisha nini, na alijua pia kwamba anayeitoa kwa mkono wake ndiye anayefungua nyumba. Lakini alimwona mumewe akihema kama mbuzi aliyefungwa juani, akaona kidonge kikianza kuyeyuka kwa jasho, akawaza kwamba akikosa hapa atakuwa mjane kabla ya gari kufika, na akikubali huenda yeye mwenyewe akalala, alale tu, hata kidogo, basi akapiga magoti mbele ya kigoda jinsi alivyofundishwa na mama yake kumpokea mgeni, akanyoosha mikono yote miwili, na midomo yake ikasema yenyewe, "Karibu. Kula, nyumba ni yako."

Kitu cha baridi, chenye unyevu, kilimgusa kiganjani. Kisha akasikia buni ikitafunwa.

Kahigi akafumbua kinywa. Alimeza kidonge, akanywa uji bakuli zima, akanyoosha miguu yake yote mpaka chini, akalala. Sauti ikabaki moja, nzima. Gari lilipofika jioni Joanitha aliwakuta wote wamelala, mama yake sakafuni, kikapu pembeni, kama mtu aliyeangushwa.

Hospitali walimpima Kahigi wakaridhika. Projest alifurahi kweli. "Mgeni njoo mwenyeji apone," Joanitha alitania, na Projest akacheka, na Kokuberwa akatazama pembeni.

Kahigi alipona. Alikula, akanenepa, akaanza kutembea mpaka barabarani. Ila alisema Kiswahili tu, chepesi na cha madaha, Kiswahili cha watu waliozaliwa pwani. Ukimsemesha Kinyambo, lugha ya kwao, alitabasamu na kusubiri utafsiri. Ng'ombe wake aliwapita bila kuwaita. Alimuuliza Kokuberwa choo kiko wapi, katika kibanja alichozaliwa. Projest alisema kumbukumbu huchelewa kurudi, mama avumilie. Kokuberwa alivumilia. Mtu huyo alikuwa mpole, hakumwagia mtu uji, na alilala usiku kucha, naye akapata kulala.

Msimu wa kupalilia ulipofika alikuwa peke yake mwisho wa kibanja, jua likiwa juu. Kutoka nyuma ya migomba, mahali ambapo majani yalikuwa yametulia, mtu alimwita. Alimwita kwa Kinyambo, kwa sauti ya kukwaruza aliyoisikia tangu usichana wake.

"Kokuberwa. Ni mimi. Nazunguka nyumba, sioni mlango."

Jembe likasimama.

"Huna haja ya kuja," sauti ikasema. Ilikuwa inahema. "Nitaje jina tu. Ukinitaja nitaingia."

Alilishika jina hilo mdomoni. Lilikuwa jina la mumewe, aliyempenda, na machozi yalimtoka bila yeye kuyaita. Akakumbuka pia kidonda, mashuka, mikojo, kinywa kilichofumbwa, na alfajiri zilizomkuta amekaa. Akayakumbuka yote kwa mara moja, na mgongo ukamuuma kama umekumbuka nao.

"Kokuberwa, nakuomba. Kwa ajili yangu."

Huko nyumbani yule mwingine alitoka barazani, amejipaka mafuta, ameshiba. "Mke wangu!" aliita kwa Kiswahili chake kizuri. "Mbona umekawia?"

Migomba ilikuwa kimya, ikisubiri.

"Naja," Kokuberwa alijibu kwa Kiswahili. Alikung'uta udongo kwenye jembe, akaliweka begani, akaenda nyumbani kupika.