Lori Lililozibwa Pumzi

Jina la Mama Kuku alipewa na mumewe, na wala hakukasirika. Kuku walikuwa riziki yake. Lakini walikuwa na adui mmoja: lori la mumewe. Kila asubuhi mume huyo, dereva wa lori, akiliwasha uani, kuku waliruka huku na huko kama wamemwona mwewe. Mwishowe wakaacha kutaga.

"Baba Watoto, chagua," Mama Kuku alisema. "Lori linyamaze, au utage wewe!"

Dereva alicheka mpaka machozi yakamtoka. Siku hiyo hiyo akaenda kwa mchomelea mageti. Wakakata ekzosi, yaani bomba la kutolea moshi. Mahali pake wakachomelea bomba jembamba la maji. Lori likanyamaza. Kuku wakataga tena.

Wiki hiyo Mama Kuku alipanda lori kupeleka mayai sokoni. Nyuma walibeba saruji. Njiani kichwa kilimuuma vibaya. Walipofika mlimani dereva akakanyaga mafuta. Lori likakohoa, likatoa moshi mweusi, likazima. Kisha, lahaula, likaanza kurudi nyuma!

"Breki! Baba Watoto, breki!"

Breki ikashika. Hatua chache nyuma yao lilikuwa basi limejaa watu. Mama Kuku alishuka, akatapika kando ya barabara.

Lori lilivutwa mpaka gereji ya wifi yake, dada wa dereva. Wifi aliingia chini ya lori.

"Kaka, nani kafanya maajabu haya?"

"Ni kwa sababu ya kuku," dereva alijibu, akitazama viatu vyake.

"Kuku siku hizi wanachomelea?"

Wifi akatoka, akampa Mama Kuku mrija wa soda. "Ziba pua. Pumua kwa huu tu, halafu panda ngazi zile."

Mama Kuku hakufika hata katikati. Akautupa mrija, akihema.

"Basi injini nayo iliteseka hivyo," wifi alisema. "Injini huvuta hewa, huchoma mafuta, hutoa moshi. Ukibana njia, moshi hubaki ndani. Hewa safi hukosa nafasi. Nguvu hupungua, na mafuta huliwa bure."

"Basi tutoe bomba lote, libaki wazi," dereva alisema.

"Thubutu! Litanguruma na moshi utawarudia. Kila lori lina bomba la kipimo chake, na sailensa yake ya kupunguza kelele." Akamulika tochi. "Tena kiungo hiki kimeachia. Moshi uliingia mlimokaa. Wifi, kichwa hakikukuuma?"

"Kiliuma sana. Nikatapika."

"Hiyo ni sumu ya moshi. Sehemu yake haionekani wala hainuki. Mngeendelea kukaa humo, tungewazika."

Mama Kuku alipigwa na butwaa. "Juzi kitinda mimba wetu alilala kwenye kiti kile cha lori," alisema kwa sauti ndogo. Dereva akaketi chini, palepale kwenye grisi.

Wifi alifunga ekzosi ya kipimo cha lori, na sailensa yake, akakaza viungo vyote. Walipofika mlimani tena, Mama Kuku alifumba macho.

"Mama Kuku, fumbua."

"Tumefika juu?"

"Tumeshapita. Tunateremka."

Siku hizi lori hulala nje ya ua, mbali na banda. Kila safari Mama Kuku humshika kitinda mimba wake paji la uso.

"Kichwa kinauma?"

"Hapana, mama. Nina njaa tu."

Naye humenya yai, akampa.