Mchicha Uliokauka Chang'ombe

Inspekta Anyitike hakuwa na gari; la kituo lilikuwa gereji tangu Pasaka. Hakuwa na glavu, hakuwa na mtaalamu wa moto, hakuwa hata na gundi ya kufungia bahasha. Shahidi pia hakuwa naye. Alichokuwa nacho ni maiti moja, na mahabusu mmoja ambaye mtaa mzima ulitaka afungwe.

Maiti ilikuwa ya Mzee Ludovick, mpima ardhi mstaafu. Alikuwa amenunua kombi kuukuu ya watalii, yenye kitanda na jiko la gesi ndani, ili azunguke na mkewe kabla magoti hayajagoma. Safari ya kwanza ilikuwa Haneti, kwao. Walipofika, mkewe alishuka kusalimia ndugu. Mzee akabaki ndani kuchemsha chai. Akawasha kiberiti, na kombi nzima ikalipuka.

Anyitike alikwenda Haneti kwa basi. Alilala kifudifudi chini ya mabaki, akalichungulia tangi la petroli. Lilikuwa na ufa kwenye maungio. Lakini moto ulishalamba kila kitu. Tangi halikuweza kumwambia lilianza kuvuja lini.

Akarudi mjini kumhoji mahabusu, fundi Luka wa Chang'ombe, aliyelitengeneza tangi kabla ya safari.

"Uliuziba ufa na nini?"

"Sabuni ya mche, afande. Niliikanda, nikaisindilia."

"Sabuni! Kwenye tangi la petroli?"

"Petroli haiyeyushi sabuni. Hata gari lenu la doria limetembea na sabuni yangu mwaka mzima."

Anyitike alikohoa. Alilijua hilo.

"Basi iliachiaje?"

"Maji. Maji ndiyo adui yake. Nilimwambia mzee asioshe uvunguni, na Jumatatu aniletee nishushe tangi nichomelee. Yeye akasafiri Jumamosi."

"Nani mwingine alikusikia?"

"Yeye tu."

"Yeye amekufa, Luka."

"Najua, afande. Na mke wangu Raheli anajifungua mwezi huu."

Faili lilikuwa linangojewa kwa mwendesha mashtaka. Bila ushahidi mwingine, Luka angeshtakiwa kwa kuua bila kukusudia.

Anyitike akaenda msibani. Mjane, Emiliana, alikuwa ameketi mkekani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmeshamfunga yule muuaji?"

"Naomba kwanza unionyeshe gari lilipokuwa linalala."

Akampeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na bustani ya mchicha, kijani kibichi, isipokuwa mstari mmoja uliokauka kama uliomwagiwa maji ya moto. Mstari ule ulifuata mfereji mdogo uliotoka pale gari lilipokuwa linaegeshwa. Inspekta akachota udongo, akaunusa. Petroli.

"Mama, mfereji huu ni wa nini?"

"Maji ya huku unayajua. Yakitoka leo, hujui yatatoka lini tena. Simwagi hata ya kuoshea vyombo. Yote yanaenda kwenye mchicha."

"Na ya kuoshea gari?"

"Hayo pia."

"Nani aliliosha?"

"Mimi!" Alisema kwa fahari. "Jirani yangu Evodia aliliita banda la kuku lenye magurudumu. Nikasema haliendi ukweni kwangu hivi hivi. Maji yalipotoka Ijumaa nikavuta mpira, nikaingia hadi uvunguni na brashi. Kulikuwa na kitu cheupe kimeng'ang'ania tangini, kama kinyesi cha kuku. Nilikisugua, kikatoka chote."

Anyitike hakuandika.

"Mzee hakukwambia ni nini?"

"Aniambie? Nilimkataza asilinunue. Asingethubutu kuniambia lina kasoro."

"Na harufu?"

"Lilinuka petroli tangu siku ya kwanza. Tulishazoea." Akamtazama. "Kile cheupe kilikuwa nini?"

Inspekta akaumwaga ule udongo wa mkononi.

"Sabuni, mama. Ndiyo iliyokuwa imeziba tangi."

Emiliana hakulia. Aliitazama mikono yake, upande huu na upande huu.

"Nilitaka apendeze tu," alisema. "Apendeze kwao."

Ndani, waombolezaji walianza wimbo mwingine.

"Yule fundi ana mke?"

"Anaye. Mjamzito."

"Na mimi watanifanya nini?"

"Sijui, mama."

"Andika," alisema mjane.

Anyitike alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akamwandikia mwendesha mashtaka. Alieleza sabuni ilivyotoka na nani aliyeitoa, akaomba Luka aachiwe. Akamsomea Emiliana kila neno. Kisha akaramba mdomo wa bahasha. Haukushika. Akaramba tena.

Emiliana akaingia jikoni, akatoka na tonge dogo la ugali uliopoa. Akalipaka kwenye bahasha, akalikandamiza kwa kidole gumba mpaka pakashika.

"Ipeleke, mwanangu, kabla wifi zangu hawajaja kuuliza."

Anyitike akamwita bodaboda aliyekuwa getini, akamkabidhi bahasha, akamtajia ofisi. Pikipiki ikaondoka.