Gari la Shangazi na Jiwe la Mfereji

Kila asubuhi kabla ya shule, Irine alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuwapelekea ng'ombe wawili majani bandani, na kumchemshia bibi yake chai ya tangawizi. Akizimaliza alioga, akavaa sare, akaishika barabara ya vumbi jekundu iteremkayo hadi shuleni. Alikuwa darasa la sita. Kwao ni Chome, juu milimani, ambako asubuhi za Juni ukungu huwa mzito hata mtu asimwone mbuzi wake mwenyewe.

Juma hilo aliongezewa kazi ya nne, na aliyempa ni Shangazi Hedwiga, dada wa baba yake.

Shangazi aliishi Same mjini. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni. Aliwapeleka Mkomazi kutazama faru, kisha akawapandisha Chome kuuona msitu wa Shengena. Miaka yote hiyo alitumia gari la kukodi. Sasa alitaka kununua lake, na katika yadi moja ya magari huko Moshi alikuwa ameona mawili makubwa ya kifahari, ya aina moja, mwaka mmoja na injini moja. La kwanza lilikuwa toleo la kawaida, lenye viti vya kitambaa, matairi manene na paa la bati tupu. La pili lilikuwa toleo la juu. Hilo lilikuwa na viti vya ngozi, rimu pana zinazong'aa, na paa la kioo linalofunguka kwa kubonyeza kitufe. Salimu, muuzaji, aliliita "lile lenye kila kitu", na alikuwa tayari kupunguza bei ili alitoe pale yadini.

Lakini Shangazi Hedwiga hakuwahi kununua hata sufuria bila kuigonga mara tatu. Aliinama, akachungulia chini ya magari yote mawili, akaona kuwa lile lenye kila kitu limekaa chini zaidi, na bampa lake la mbele linakaribia ardhi. Akatafuta fimbo, akaikata alama mbili za kisu, akaja nayo Chome.

"Alama ya chini ni ya lile lenye kila kitu, ya juu ni ya lile la kawaida," alimwambia Irine. "Sehemu zenye mawe unazijua kuliko mimi, maana unazipita kila siku. Simamisha fimbo kando ya jiwe, uniambie limefika wapi. Nikipasua gari mlimani na wageni wamo ndani, mama, hawatarudi tena. Na mimi kazi nyingine sina."

Irine aliipokea fimbo kwa furaha. Ila kulikuwa na jambo ambalo shangazi hakulijua. Tangu aliposikia habari za paa la kioo, Irine alikuwa ameshawatangazia wenzake kwamba siku gari litakapofika, atasimama kitini na kutoa kichwa nje. Blandina alikuwa ameshaomba nafasi ya kusimama karibu naye. Sadock, ambaye mdomo wake haukuwahi kulala, alisema Irine atachomoza kama twiga wa Mkomazi na watalii watampiga picha yeye badala ya wanyama. Walicheka, naye akacheka, lakini moyoni alikuwa amekwisha kulichagua gari.

Jumatano alipotoka shule alianza kupima. Sehemu ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwa salama. Ya nne ilikuwa pale mfereji wa maji ya mashamba unapokatiza barabara. Hapo njia ni nyembamba. Upande mmoja ni ukuta wa mlima na upande wa pili ni mteremko, na katikati kabisa limekaa jiwe pana kama kinu kilichogeuzwa. Gari halina pa kulikwepea. Irine alisimamisha fimbo. Jiwe lilipita alama ya chini kwa vidole viwili, lakini halikufika ile ya juu.

Alitazama kulia na kushoto. Kisha akaokota kijiwe bapa, akakiweka chini ya fimbo, akaisimamisha upya. Sasa jiwe halikuifikia hata alama ya chini. Alijua anachokifanya, lakini alijipa moyo kwamba Ijumaa ni siku ya msaragambo, siku ambayo kila nyumba hutoa mtu wa kutengeneza barabara na mifereji. Jiwe lile litang'olewa, na maneno yake yatakuwa ya kweli.

Jioni hiyo alimwambia shangazi kwa simu kwamba hakuna jiwe linalofika alama ya chini. Shangazi alimshukuru sana. Akasema Jumatatu atakwenda Moshi kulipia lile lenye kila kitu.

Ijumaa, alipotoka shule, Irine alichukua jembe akakimbia hadi kwenye mfereji. Watu walikuwa wengi, wengine wakichimba mitaro, wengine wakijaza mashimo. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiwe, akaanza kulichimba pembeni. Mama Dorkas, mwenyekiti wa kitongoji, alimshika mkono.

"Hilo halitoki, mwanangu. Ndilo linalokandamiza mawe ya daraja la mfereji, na waliolipanga ni babu zetu. Ukiling'oa, maji yatakula barabara yote, na mashamba ya chini yatakauka."

Sadock alisema Irine anataka barabara ya lami leo hii kabla ya chakula. Watu walicheka. Irine hakucheka. Aliwaza lile gari lenye kila kitu likikita juu ya jiwe lile, oili ikimwagika mferejini, na shangazi yake akiwaeleza wageni kuwa watatembea kwa miguu.

Alifika nyumbani, akamweleza baba yake yote, pamoja na habari za kile kijiwe bapa. Baba yake, mzee Eliufoo, alikuwa akichambua tangawizi. Hakumgombeza. Alijifuta mikono, akatoa simu.

"Uongo uliusema kwa mdomo wako," alisema. "Ukweli nao useme kwa mdomo huo huo."

Shangazi alipokea. Irine alisema, akalia, akasema tena. Shangazi aliuliza jiwe limepita alama kwa vidole vingapi. Irine akajibu viwili. Shangazi akakata simu.

Jumapili baada ya misa, shangazi alipanda Chome kwa bodaboda, akiwa na futi ya fundi. Alipima jiwe mwenyewe, akaandika, akarudi Same. Kwa Irine aliacha neno moja tu: wenzake wote aliowatangazia habari za paa la kioo, awaeleze yeye mwenyewe kwa nini halitakuwepo. Jumatatu Irine akawaeleza. Blandina alinuna siku mbili. Sadock alimwita twiga aliyekatwa shingo, naye alivumilia.

Juma lililofuata gari la toleo la kawaida lilipanda mlima. Irine na baba yake walisimama kwenye mfereji kulingoja. Shangazi alipunguza mwendo, magurudumu yakapita kulia na kushoto kwa jiwe, na jiwe likapita chini bila kuguswa. Akasimamisha gari, akashuka, akachungulia chini kama alivyofanya yadini.

Irine alimwamkia, "Shikamoo, shangazi," huku akitazama miguu yake.

"Marahaba. Nitazame, Irine. Kupenda kizuri si kosa. Hata mimi lile paa nililipenda. Lakini mtu akikutuma ukamwangalizie jambo, umekuwa macho yake. Ukimpa unachokitamani badala ya ulichokiona, umemfumba macho akiwa njiani. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Nisamehe, shangazi."

"Nimeshakusamehe. Sasa, mvua za vuli zikianza barabara hii itabadilika. Kila Jumamosi utaikagua, unijulishe kabla sijapandisha wageni."

Irine alimtazama baba yake, kisha akamgeukia shangazi. Alisema labda kazi hiyo angepewa baba.

"Baba yako sikumwomba. Nakuomba wewe."

"Kwa nini mimi, na nilikudanganya?"

Shangazi Hedwiga alimfungulia mlango wa mbele ili apande.

"Kwa sababu ulinipigia kabla ya Jumatatu, kabla sijalipa," alisema.