Jino la Kidoti

Kila asubuhi Kidoti alipiga mswaki nyuma ya nyumba, akanywa chai, kisha akaenda shule bila kumpitia mtu. Zamani aliongozana na binti wa jirani. Lakini ilipojulikana kwamba Kidoti ana virusi vya homa ya ini, alivyozaliwa navyo, mwenzake alihamia dawati jingine. Hakumtukana, alihama tu. Kidoti akabaki na dawati zima, upana usiomfaa kitu.

Muhula ule gego lilianza kumuuma. Akatafuna upande mmoja, akakonda, akanyamaza. Kama rafiki amenikimbia, aliwaza, daktari wa kunitia mkono mdomoni je?

Baba yake, fundi seremala, aliliona shavu limevimba.

"Twende kliniki," alisema. "Mimi naziba nyufa za meza, si za meno."

Njiani Kidoti alimvuta shati. "Baba, ile homa tusiitaje. Watatufukuza."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Lakini mdomo ni wako, sitakusemea."

Daktari wa meno, mama mmoja mwenye miwani, alimlaza kitini. "Una ugonjwa wowote wa muda mrefu?"

Kidoti aliikodolea macho taa. Kusema hapana kulikuwa rahisi. Machozi yakamlengalenga.

"Nina homa ya ini. Ile ya virusi."

Akangoja daktari arudi nyuma. Hakurudi.

"Umefanya vyema kuniambia. Ini likiugua, damu huweza kuchelewa kuganda, na dawa nyingine za maumivu hulidhuru. Tutapima damu kwanza, kisha nichague dawa inayokufaa."

"Umevaa glavu kwa sababu yangu?"

"Navaa kwa kila mtu. Na vifaa husafishwa kwa mvuke wa moto baada ya kila mgonjwa, awe nani. Ungekuja mapema tungeliziba jino hili, sasa litang'olewa. Piga mswaki asubuhi na usiku, na usingoje maumivu ndipo uje."

Vipimo vilikuwa vizuri. Jino likang'olewa, damu ikakoma.

Shuleni, dawati lilikuwa bado tupu upande mmoja. Jioni Kidoti alimweleza baba, naye akaweka randa chini.

"Wengine watachelewa kuelewa, mama. Hilo linauma, na sina dawa yake. Ila kwa anayekutibu usijifiche. Mgonjwa hapeleki nusu ya ugonjwa kwa daktari, akatarajia kurudi na afya nzima."

Kidoti akaketi juu ya mbao karibu naye. Kwa mara ya kwanza muhula ule, alikula chakula cha jioni hadi sahani ikabaki tupu.