Okidi ya Aoko Haitaki Samadi

Kila asubuhi, kabla ya king'ora cha kiwanda cha kahawa kulia, Aoko aliumwagilia mmea wake maji. Ilikuwa mwaka wa 1957. Aoko na mumewe, Nicanor, waliishi katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa karibu na Ruiru. Mmea ule alipewa na mke wa meneja, siku mama yule alipohama. Ulikuwa okidi ya aina ya dendrobiamu, inayotoa maua meupe.

Aoko aliutunza kama walivyotunza kila mmea kwao Nyakach. Alichanganya udongo mweusi na samadi ya ng'ombe, akaufukia mpaka shingoni. Kisha akawaahidi akina mama wa kanisa kwamba binti yake, Selpha, angeshika maua hayo siku ya harusi, Oktoba ya mwaka uliofuata. Hakutaka ashike maua ya karatasi.

Lakini majani yaligeuka manjano, yakaanguka moja moja. Jirani yake Nyawira, akipita kwenda kuteka maji, alimuuliza kama bibi harusi atashika majani ya vitunguu. Aoko alicheka naye, ila moyoni aliumia. Akaongeza samadi. Akaongeza maji.

Jumapili moja Kagwe alikuja kumsalimia Nicanor. Kagwe alikuwa mtunza bustani wa hoteli moja karibu na maporomoko ya Chania, huko Thika. Aliutazama mmea, akapiga magoti, akauchomoa. Mizizi ilikuwa laini na myeusi, kama viazi vilivyooza.

"Mama Selpha, umeuzika ukiwa hai," alisema.

"Lakini nimeupa samadi nzuri, shemeji."

"Ndiyo shida yenyewe. Hii si kabichi. Kwao hukaa juu ya miti. Mizizi yake inataka hewa."

Aliikata mizizi iliyooza kwa kisu alichokipitisha motoni. Ilibaki mitatu tu, imara na myeupe. Nicanor akatoa karai lake kuukuu, akalitoboa matundu mengi kwa msumari. Badala ya udongo, walitia vipande vya mkaa na magome makavu ya mti, wakaukalisha mmea juu yake. Wakalitundika chini ya ukingo wa paa, penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana.

"Sasa, maji," alisema Kagwe. "Mwagilia asubuhi, kisha ngoja mkaa ukauke. Ingiza kidole. Ukihisi unyevu, acha. Wakati wa baridi, Juni mpaka Agosti, punguza maji sana. Hapo ndipo mmea hujiandaa kutoa maua."

"Na nikiuonea huruma?"

"Huruma yako ndiyo inayouua."

Nicanor akasema ameishi na mama huyu miaka ishirini, na hajaona mtu aliyeweza kumwambia apunguze kitu.

Miezi ilipita. Mizizi mipya ikachipuka, na fito mpya, yaani mashina membamba ya okidi, zikaota. Baridi ya Julai ilipofika, majani mengine yalianguka, fito zikabaki tupu. Asubuhi moja Aoko alishindwa kuvumilia, akaleta kikombe cha maji. Akaingiza kidole kwenye mkaa. Ulikuwa na unyevu. Maji yale akayanywa mwenyewe.

Mwishoni mwa Agosti vifundo vidogo vilitokea kwenye fito. Alidhani ni wadudu. Kufikia Oktoba vilikuwa maua meupe kama maziwa, na akina mama walikuja kuyatazama wawili wawili.

Selpha aliingia kanisani akiwa ameshika mashada mawili ya maua yale. Nyawira ndiye aliyepiga vigelegele vya kwanza. Baada ya chakula, ndiye pia aliyeomba chipukizi kabla ya wengine wote.

Jioni bibi harusi alipokuwa akiondoka kwenda kwa mumewe, huko Kiganjo, Aoko alimpa kikapu. Ndani mlikuwa na chipukizi la okidi, limekaa juu ya mkaa. Alitaka kumwambia mwanawe mambo mengi.

"Asubuhi tu," alisema. "Na kwanza uingize kidole."

"Nimesikia, Mama," alijibu Selpha, akakipakata kikapu kama mtoto.