Kavira Watano

Kila Jumatatu, kabla ya kengele, Abigaël hufagia chumba cha kompyuta cha shule yao mjini Bunia, kisha huwasha mashine. Yeye ndiye aliyekabidhiwa orodha ya wanafunzi wa darasa la sita watakaofanya mtihani wa taifa. Jumatatu moja alikuta majina thelathini na saba. Ijumaa yalikuwa arobaini na moja!

Kavira, mwenzake wa dawati, alichungulia. "Jina yangu haiko! Nitafanya examen namna gani?"

"Ngoja kwanza," Abigaël alijibu kwa ukali. Orodha ilitakiwa kupelekwa saa nne kamili.

Alijua kwamba kila jioni mashine huhifadhi nakala ya faili zote jinsi zilivyo, kama mtu anayezipiga picha. Akabofya nakala ya Ijumaa. *Accès refusé*: hana ruhusa. Akabofya tena. *Refusé*. Akazima, akawasha, akajaribu mara ya nane.

"Mashini hii iko na roho mubaya!" alifoka.

Nakala hizo aliweza kuzifungua mwalimu Kamate peke yake, na kumwita kungefichua kosa la Abigaël mwenyewe. Ijumaa, alipochoka kuitwa na wenzake kila saa kuwafungulia orodha, aliliachia darasa zima ruhusa ya kuibadilisha, ingawa alikatazwa.

Destin aliingia akitabasamu. "Umeona kazi yangu? Nilifuta jina yenye kurudiliwa. Kavira, Kavira, Kavira, mara tano! Nikaacha moja tu."

"Weye Destin! Ile ni batoto tano!" Abigaël alimaka.

Destin, aliyetoka Djugu, hakujua kwamba Wanande, kabila la akina Kavira, hutoa jina hilo kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa, hata darasa moja laweza kuwa na Kavira wengi. Alinywea. "Lakini nilikuta iko wazi. Nani aliifungua?"

Abigaël alimtazama Kavira, aliyekuwa akifuta machozi, kisha akakimbia ofisini kwa mwalimu Kamate.

"Mwalimu, ni miye nilifungulia bote. Nilichoka tu."

Mwalimu Kamate aliandika neno lake la siri, akaifungua nakala ya Ijumaa. Kavira wote watano walikuwemo. Orodha ikaondoka dakika kumi kabla ya saa nne.

"Nakala niliifunga ili mukono wa haraka usiiharibu," alisema. "Na weye nilikupa ruhusa juu ya kulinda majina ya wenzako. Kupewa ruhusa ni kupewa kazi. Ukikosea, sema mbio, wakati dawa ingali inafaa."

Abigaël alirudi akaifunga faili. Mara Destin akabisha hodi mlangoni. "Naomba nione kama jina yangu iko."

Abigaël alikuwa ndiyo kwanza ameketi. "Kuja," alisema akiinuka, "nikufungulie."